Shahidi Mmoja Hatoshi



Huenda wako watakaouliza: gazeti la chama, linalosomwa na watu wa reli na wafanyakazi wengine wa Meru na Embu, lina shauri gani na ndege? Kwetu hata reli yenyewe haifiki. Mtu wa Embu akitaka garimoshi hushuka Sagana au Thika, na mtu wa Meru huzunguka mlima mpaka Nanyuki. Mambo ya chumba cha marubani yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, jamaa zetu husafiri kwa ndege. Miraa ya Igembe hupelekwa Somalia kwa ndege. Vijana wetu, wake kwa waume, huenda kutafuta kazi katika nchi za Waarabu kwa ndege, na kwa ndege hurudi. Ya pili ni kubwa zaidi. Yaliyotokea ndani ya ndege yaweza kutokea mahali po pote ambapo mtambo umewekwa kati ya mfanyakazi na kazi yake, ukapewa nguvu ya kumpokonya usukani. Mitambo ya namna hiyo inakuja katika reli, katika viwanda vya chai, na katika mabwawa ya umeme ya mto Tana. Basi yafaa tujue mapema jinsi ya kuuliza maswali.

Tukumbuke kwanza habari yenyewe. Siku ya Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa saa 2:38 asubuhi kuja Nairobi. Ilikuwa ndege mpya ya aina ya Boeing 737 MAX. Baada ya dakika sita hivi ilianguka shambani karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa. Walikuwa watu wa mataifa mengi, lakini hakuna taifa lililopoteza watu wengi kuliko Kenya: Wakenya zaidi ya 30 walikufa siku ile. Jamaa zao walikuwa wakiwangoja hapa Nairobi.

Miezi minne na zaidi kidogo kabla ya hapo, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege nyingine ya aina ile ile, ya shirika la Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini karibu na Jakarta katika Indonesia, ikaua watu 189. Jumla ya waliokufa katika ajali hizo mbili ni 346, na chanzo kilikuwa kimoja.

Tueleze chanzo hicho kwa maneno ya karakana, maana si jambo la uchawi. Pembeni mwa pua ya ndege kuna kipande kidogo kama bawa la ndege mdogo, kinachogeuka kufuata upepo. Kazi yake ni kupima ndege imeinua pua kiasi gani kuukabili upepo. Pua ikiinuka kupita kiasi, mabawa hupoteza nguvu ya kubeba, na ndege huweza kuanguka. Ndege hiyo ya Boeing ilikuwa na vipimo viwili vya namna hiyo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Wenye kampuni walikuwa wameongeza ndani yake mtambo unaoitwa MCAS. Mtambo huu, ukiambiwa kwamba pua imeinuka mno, uligeuza bawa la mkia na kuisukuma pua chini wenyewe, bila rubani kuuamuru.

Sasa sikilizeni, ndugu. Vipimo vilikuwa viwili, lakini mtambo ulisikiliza kimoja tu. Hukulinganisha. Katika ndege ya Addis Ababa, mara tu baada ya kuruka, kipimo cha kushoto kilionyesha nyuzi 74.5, na cha kulia kilionyesha nyuzi 15 hivi. Hata mtoto wa darasa la nne akiona geji mbili za kitu kimoja, moja yasema 15 na nyingine yasema 74, atajua kwamba moja yasema uongo, na hatafanya neno kabla ya kujua ni ipi. Mtambo haukuuliza. Uliamini kile cha kushoto ukaisukuma ndege chini. Marubani wakaivuta juu, mtambo ukaisukuma chini tena.

Wako waliofanya haraka kuwalaumu marubani, kama wafanyavyo siku zote mfanyakazi akiisha kufa na hawezi kujibu. Lakini rubani mkuu alikuwa amekwisha kurusha ndege kwa saa zaidi ya 8,000. Yeye na msaidizi wake walizima umeme wa bawa la mkia, kama walivyoagizwa na kampuni baada ya ajali ya Indonesia. Lakini kwa wakati ule ndege ilikuwa ikienda kwa kasi kubwa mno, na gurudumu la mkono la kulirudisha bawa lile halikugeuzika. Wakaurudisha umeme ili wapate nguvu, na mtambo ukaisukuma pua chini kwa mara ya mwisho.

Tena kulikuwa na taa ya kuwaonya marubani kwamba vipimo viwili havipatani. Katika ndege nyingi za aina hiyo taa hiyo haikufanya kazi, kwa sababu ilikuwa imefungamanishwa na chombo kingine kilichouzwa kwa malipo ya ziada. Kampuni ilitambua kosa hilo mwaka 2017, na ndege ziliendelea kuuzwa. Na mtambo wenyewe haukutajwa katika vitabu vya marubani. Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza jambo hili ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 jinsi kampuni ilivyokazana kuhakikisha kwamba marubani hawatahitaji mafunzo mapya ya gharama. Ndugu, hayo twayafahamu sana. Chombo kipya huletwa, mafunzo huachwa kwa kuwa yana gharama, na siku ya ajali husemwa kwamba mfanyakazi hakujua kazi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 25 Februari 2009 ndege ya Uturuki ilikuwa ikikaribia kutua Amsterdam. Kipimo chake cha kushoto cha kupima umbali kutoka chini kiliharibika, kikasema kwamba ndege iko futi 8 chini ya ardhi, ingawa ilikuwa bado juu sana. Kipimo cha kulia kilikuwa kizima. Lakini mtambo wa kuongoza nguvu za injini ulikisikiliza cha kushoto. Ukadhani ndege imekwisha fika, ukapunguza nguvu. Marubani hawakutambua mapema, ndege ikaanguka shambani, watu 9 wakafa. Miaka kumi ikapita kati ya Amsterdam na Bishoftu, na somo lilikuwa lile lile.

Sisi watu wa reli tuna haki ya kusema katika shauri hili, kwa kuwa kazi yetu ilijifunza somo hilo zamani sana, na ilijifunza kwa damu.

Chukueni njia moja ya reli kati ya stesheni mbili. Hatari kubwa ni garimoshi mbili kukutana humo. Wazee wa kazi walitengeneza sanduku la tokeni. Kila stesheni ina sanduku lake, na masanduku hayo mawili yameunganishwa kwa waya. Dereva haondoki bila tokeni mkononi. Stesheni masta wa huku hawezi kuitoa peke yake. Lazima yule wa kule akubali. Tokeni moja ikiisha kutoka, nyingine haitoki mpaka ile irudishwe upande mmoja au wa pili. Na jambo lililo bora kuliko yote ni hili: waya ukikatika, sanduku halitoi kitu. Chombo kikiwa na shaka, garimoshi husimama. Twaweza kuchelewa, lakini hatufi.

Chukueni na boila. Injini za moshi zilikuwa na vioo viwili vya kuonyesha maji, na boila za viwanda huwekewa vivyo hivyo. Kwa nini viwili, na maji ni yale yale? Kwa sababu kioo kimoja chaweza kuziba, kikaonyesha maji ambayo hayapo. Fayamani mzuri huvitazama vyote viwili. Visipopatana, hapendelei kile kinachompendeza. Huvisafisha kwa mvuke na kuvijaribu mpaka ajue ukweli. Ndugu zetu wa viwanda vya chai, wa Mungania na Rukuriri, wa Kionyo na Githongo, wanaelewa maneno haya kuliko mwandishi awaye yote.

Na kabla ya reli na boila, watu wetu walijua. Wazee wa Njuri Ncheke hawahukumu kesi ya mpaka wa shamba kwa kusikia upande mmoja. Sheria ya Musa, tuliyofundishwa shuleni, ilikataa kumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Ikiwa mbuzi mmoja hawezi kuamuliwa kwa shahidi mmoja, itakuwaje roho 157 ziamuliwe kwa kipande kimoja cha bati?

Baada ya ajali ya pili, dunia nzima ilizizuia ndege hizo zisiruke. Marekani ilizizuia tarehe 13 Machi 2019, na haikuziruhusu tena mpaka tarehe 18 Novemba 2020. Tazameni ni nini kilichobadilishwa katika mtambo. Sasa husikiliza vipimo vyote viwili. Vikitofautiana kwa nyuzi 5.5 au zaidi, mtambo hukaa kimya na haufanyi kitu. Hata vikipatana, husukuma mara moja tu kwa kila tukio, wala hausukumi na kusukuma tena. Na nguvu yake haipiti nguvu ya rubani: akivuta usukani, aweza kuishinda. Taa ya kuonya nayo imetengenezwa. Mambo hayo yalikuwa yakijulikana na kuwezekana tangu siku ya kwanza.

Lakini tusidanganyike kwamba kuwa na vipimo viwili au vitatu kumemaliza shauri. Ndege nyingi za kampuni ya Airbus zina vipimo vitatu vya pembe ya upepo, navyo hufanya kama kupiga kura: wawili wakipatana, wa tatu huachwa. Tarehe 5 Novemba 2014 ndege moja ya Lufthansa iliondoka Bilbao, Hispania, kwenda München. Angani, vipimo viwili kati ya vitatu viliganda kwa baridi mahali pamoja. Mtambo ukaviamini hivyo viwili, maana vilipatana, ukaiinamisha ndege pua chini, ikapoteza futi elfu kadhaa. Waliokoka kwa sababu marubani walizima baadhi ya kompyuta za vipimo, wakaupokonya mtambo nguvu ile, wakafika salama. Basi fundisho ni hili: mashahidi wawili waliolala nyumba moja na kula njama moja ni shahidi mmoja. Vipimo vya kulinganishwa lazima viwe mbalimbali, visiweze kuharibiwa na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na mwisho wa yote lazima awepo mtu mwenye ujuzi na mwenye uwezo wa kuukatalia mtambo.

Tena mtu naye ahakikishwe na mwenzake. Hapa Kenya twakumbuka Douala. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliondoka mji huo wa Kameruni katika mvua na giza. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha ushike kazi. Mtambo haukushika, na hakuna aliyethibitisha kwamba umeshika. Ndege ikalala upande wa kulia polepole, bila mkono wa mtu wala wa mashine juu yake. Walipotambua, walikuwa wamechelewa. Watu 114 wakafa. Kasoro ilikuwa katika neno lililokosa kujibiwa. Katika kazi yetu mtu akisema "njia safi," mwenzake hutazama na kurudia "njia safi." Wageni huona kama mchezo wa watoto, lakini kurudia huko ndiko kulinganisha geji ya mtu na geji ya mtu.

Na Nairobi penyewe, tarehe 20 Novemba 1974, ndege kubwa ya Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka mara baada ya kuruka kutoka uwanja wa Embakasi, watu 59 wakafa. Vipande vya mbele ya mabawa, vinavyosaidia ndege kupanda, havikuwa vimefunguka, na ndege haikuwa na onyo la kutosha la kuwaambia marubani kabla ya kuruka. Baada ya ajali hiyo onyo liliongezwa. Daima huongezwa baada ya mazishi. Sisi twataka liongezwe kabla.

Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza. Tarehe 27 Novemba 2018, baada ya ajali ya Indonesia na kabla ya ile ya Addis Ababa, chama cha marubani wa American Airlines kiliwaita wakubwa wa Boeing katika mkutano. Wanachama waliuliza kwa nini hawakuambiwa kwamba mtambo ule umo ndani ya ndege wanazoziendesha, wakataka jambo hilo lirekebishwe upesi. Wakubwa walijibu kwa maneno ya kutuliza, na ndege zikaendelea kuruka. Siku 103 baadaye watu 157 walikufa Bishoftu. Wafanyakazi waliona, wafanyakazi walisema, na hawakusikilizwa kwa wakati. Kama sauti yao ingekuwa na nguvu ya kusimamisha ndege, jamaa za Wakenya wale wangalikuwa na watu wao leo.

Kuna na fundisho lingine, nalo latuhusu sisi wenyewe. Siku moja kabla ya ajali ya Indonesia, ndege ile ile ilisumbua vivyo hivyo angani, kwa sababu kipimo kilichobadilishwa kilikuwa kimepotoka kwa nyuzi 21. Siku hiyo rubani wa tatu, aliyekuwa akisafiri tu, alikuwa amekaa katika chumba cha marubani, akasaidia. Wakauzima umeme wa bawa la mkia, ndege ikafika. Lakini hawakuandika yote katika kitabu cha hitilafu. Mafundi hawakujua yote, na marubani wa kesho yake hawakujua. Ndugu, kitabu cha hitilafu ni barua kwa mwenzako wa zamu ijayo. Andika yote uliyoyaona, hata kama umeyashinda.

Twajua pia kwa nini wengine hawaandiki. Twajua karakana moja, hatutaitaja, ambako geji mbili za hewa zilipingana, na msimamizi akaamuru moja ifunikwe gunia ili watu wasibabaike. Fundi aliyeuliza alipelekwa zamu ya usiku. Mahali ambapo mtu huadhibiwa kwa kusema geji hazipatani, geji zitanyamaza zote, mpaka siku ya mlipuko.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, kila mtambo mpya ukiletwa kazini, iwe katika injini, katika boila, au katika milango ya maji ya Masinga, wawakilishi wetu na waulize maswali haya, na majibu yaandikwe:

Kwanza. Mtambo huu wasikiliza vipimo vingapi, na je, vyaweza kuharibiwa na kitu kimoja kwa wakati mmoja?

Pili. Vipimo visipopatana, mtambo hufanya nini? Jibu linalokubalika ni moja: husimama, au hukaa kimya, na kumwambia mfanyakazi wazi.

Tatu. Mfanyakazi anaweza kuushinda kwa mkono wake, na amefundishwa kufanya hivyo kwa saa za kazi zenye mshahara?

Nne. Mambo yote ya mtambo yameandikwa katika kitabu, kwa lugha anayoisoma yule anayeutumia?

Tano. Anayeandika hitilafu analindwa na nani?

Na matajiri wakisema kwamba mtambo umekuja ili mtu wa pili aondolewe, tuwajibu kwa habari ya rubani wa tatu wa Indonesia. Jicho la ziada liliokoa ndege nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hatutaki mashine igeuzwe kuwa kidole hicho kimoja.

Sisi hatupingi mitambo. Anayepinga mitambo angerudi kubeba mizigo kichwani kutoka Mombasa. Mtambo mwema ni msaidizi, humpunguzia mtu uchovu na kumwonya anaposahau. Ila na ulinganishe kabla ya kutenda, useme unapokuwa na shaka, na umwachie mwenye kazi usukani wake.

Mkutano wa tawi ujao tutaomba kila idara ilete orodha ya vyombo vyake vyenye geji moja tu. Wenye zamu za usiku waandike na kumpa mwenzao alete. Njooni na penseli.